Begi la Harusi Alilolibeba Irene

"We Rehana, unaning'oa nywele! Mimi ndiye niliyekukosea?"

Rehana akashtuka, akalegeza vidole. Alikuwa amekikaza kichwa cha mteja wake, Rehema, kama mtu anayefunga gunia la mkaa kwenye baiskeli.

"Nisamehe, shoga. Nilipitiwa."

"Hujapitiwa. Umetazama simu yangu."

Ni kweli. Simu ilikuwa mapajani kwa Rehema, na vidio iliyotoka asubuhi ile ilikuwa inacheza mara ya nne. Zuberi, ambaye mashabiki wake humwita Zube wa Kusini, alikuwa anatembea kwenye kichochoro cha nyumba za mawe kule Mikindani, shati jeupe, mkufu kifuani. Begani kwake amelala msichana mweupe kama chungwa lililomenywa, nywele za kupachika mpaka kiunoni.

Zuberi huyo ndiye mchumba wa Rehana. Ndoa ilikuwa imebakiza wiki mbili. Na ile nafasi ya kulala begani kwenye vidio aliahidiwa Rehana.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema mteja mwingine aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu yake. "Hapo kwenye maneno."

Rehema akarudisha. Sauti ya Zuberi ikajaa kibanda kizima cha kusukia:

*Wa nyumbani mweusi, umeme ukikatika,*
*Mpaka acheke ndo najua amefika.*
*Leo nimepata taa, geto limewaka,*
*Rangi ya chungwa, hata jua lamtaka.*

Kicheko kikalipuka. Kisha kikakatika ghafla kama redio iliyochomolewa, na macho yote yakahamia kwa Rehana.

Rehana naye akacheka. Tena alicheka kuliko wote. Na hicho kicheko chake mwenyewe ndicho kilichokuja kumuuma baadaye kuliko wimbo.

"Sasa huyo wa nyumbani ni nani?" akauliza yule wa kwenye benchi, naye anajua vizuri kabisa.

"Ni wimbo tu. Hip hop ndivyo ilivyo, lazima mstari uchome."

"Umechoma kweli, mwenzangu. Mpaka huku tumesikia harufu."

Rehana akamalizia kichwa cha Rehema kimyakimya. Alipobaki peke yake, akafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, akapiga simu.

"Bebi!" Zuberi alipokea kwa furaha. "Umeiona? Mji mzima unaongea!"

"Nimeiona. Yule ni nani?"

"Nani?"

"Zuberi, usinifanye mtoto. Aliyekulalia."

"Aa, Irene. Ile kazi tu. Katoka Dar, anatokea kwenye vidio za watu wakubwa yule."

"Uliniambia nitatokea mimi. Nikashona na gauni."

"Sikiliza, mpenzi. Dairekta alizitazama picha zako. Kasema kamera haikushiki. Ukisimama penye kivuli unapotea, yanabaki meno."

"Yanabaki nini?"

"Usilichukulie hivyo. Anaongea mambo ya mwanga yule, ni ufundi."

"Na ule mstari? Nao ni ufundi?"

"Ni utani, Rehana. Watu wanapenda utani. Huo ndio mstari unaotembea mjini sasa hivi."

"Unatembea juu ya nani?"

"Juu ya mwanamke ambaye anakuja kuwa mke wangu. Si ndicho unachokitaka? Wangapi wanaitamani hiyo nafasi?"

Hapo Rehana alitaka kukata simu, akashindwa. Kwa sababu alimpenda. Alimpenda tangu hajulikani, tangu anaghani kwenye sherehe za mtaani na spika ya kuazima, na yeye Rehana akimsuka bure mtindo wa twende kilioni kabla ya kila onyesho, kichwa cha Zuberi kikiwa kimelala mapajani kwake. Mwanaume uliyemshika kichwa miaka minne si rahisi kumkatia simu.

Wivu ni moto wa pumba. Huoni ndimi zake, unaona moshi tu, na chini kunaungua. Kuanzia siku ile Rehana hakula akashiba. Akiamka, kabla hajanawa uso, anafungua ukurasa wa Irene. Irene yuko ufukweni Msimbati. Irene anakunywa madafu. Irene kavaa miwani ya jua. Anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka inajaa kioo, anatafuta kasoro. Hapati. Anashuka kwenye maoni. *Huyu ndiye mwanamke. Malaika. Zube oa huyu.* Hilo la mwisho lilikuwa limependwa na watu wengi, na mmoja wa waliolipenda, Rehana alipotazama vizuri, alikuwa ni yule mteja wa kwenye benchi.

Jioni moja alimkuta mama yake anachambua mchele uani.

"Mama, mimi ni mbaya?"

"Nani kakwambia?"

"Nijibu tu."

"Wewe ni mwanangu."

"Sijakuuliza hivyo."

Mama Rehana akaweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa hofu. Mumewe alimwacha wakati Rehana ana miaka sita, na tangu hapo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, mwanawe atoke kwenye mlango wake kwa ndoa, watu wakishuhudia.

"Rehana, nisikilize. Kadi zimeshafika mpaka Nanyamba. Wajomba zako wameshatenga mbuzi. Mwanaume mwenye jina humfuniki kwenye chungu, ataonekana tu na watu. Wewe tulia, uolewe. Ukishaingia ndani, hao wa barabarani watachoka wenyewe."

"Na asipowachoka yeye?"

"Usinitafutie maneno, mwanangu. Nimeshaonja aibu moja, ya pili sina meno ya kuitafuna."

Jumapili Zuberi akaja kula. Alimsifu mama mkwe kwa mchuzi wa nazi, akamtania Rehana, akamwita malkia. Moyo wa Rehana ukataka kulainika. Zuberi akainuka kwenda kunawa, simu akaiacha kwenye mkeka. Ikawaka.

*Irene Vidio: Nipo Kariakoo. Nichukue ndogo au kubwa?*

Rehana akaigusa, ikafunguka. Akaona na ujumbe wa juu yake, wa Zuberi mwenyewe:

*Asijue mtu. Iwe siri yetu mpaka siku yenyewe.*

Kitu gani kina ndogo na kubwa? Pete? Kitanda? Nyumba? Mtu mwenye wivu haulizwi anajua nini, anajua yote. Akaona nyumba ya Dar, akaona Irene kwenye mlango wa ile nyumba, akaona na pazia.

Zuberi akarudi anajifuta mikono.

"Mbona umenuna?"

"Pilipili imenipanda."

"Pole. Kesho mtu akiniuliza mke wangu ni nani, nitasema yule aliyeshindwa na pilipili," akacheka, akatia simu mfukoni.

Rehana aliikumbuka hofu ya mama yake, akameza maneno. Lakini kesho yake akafanya jambo. Kuna mama mmoja hupita na kikapu, anauza vikopo visivyo na jina. Rehana akamwita ndani ya kibanda.

"Hii inachukua siku ngapi?"

"Inategemea na kiu yako, mwanangu. Ukipaka mara mbili kwa siku, wiki mbili mumeo atakuita jina la mwingine."

Nanyi mabinti mnaosoma hapa, msijidanganye kwamba Rehana hakujua mkorogo ni nini. Alijua. Alikwishaona vichwa vya wateja wake, alikwishaona shingo zilizobabuka na mashavu yaliyoota madoa ya moshi. Aliwaonya wengi kwa mdomo wake. Lakini wivu ukikaa kwenye kiti cha akili, akili inakaa chini kwenye mkeka. Alianza na shingo. Siku ya tatu ikawasha. Siku ya tano ikachubuka, akajifunga mtandio, akasema ana mafua ya koo.

Siri hiyo ilikwenda kufa mikononi mwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa somo wake, ndiye aliyemfunda tangu usichana. Bibi wa Kimakonde mwenye chale kwenye mashavu na mdomo usioogopa mtu. Wiki ya harusi ilipoingia, Bi Tatu akaja na bakuli lake la singo, liwa na karafuu na maganda ya machungwa yaliyotwangwa, kumsinga bi harusi kama kawaida, maana bi harusi husingwa mwili mzima mpaka ngozi inukie. Na mbele ya somo mtandio hauvaliwi.

"Vua."

"Somo, koo linaniuma."

"Mimi nitasinga shingo, sisingi koo. Vua."

Akavua. Bi Tatu akatazama. Akaweka bakuli chini polepole.

"Nani kakuchoma?"

Rehana akaanza kulia.

"Nimejichoma mwenyewe, somo. Nimechoka kutafutwa gizani."

Bi Tatu akachukua maji baridi na kitambaa, akaanza kumwosha.

"Hapa siweki singo, litakuunguza. Nitasinga mikono na miguu. Lakini nikuulize. Huyu mwanaume kakwambia ujibabue?"

"Hajaniambia."

"Basi usimsingizie. Kama ni wivu wako, mimi na wewe tutauponya. Kama ni yeye, utajua tu. Mwanaume hawezi kuficha anachokitaka mpaka siku ya ndoa, lazima kitamtoka."

Na kilimtoka, siku mbili kabla ya ndoa, siku ya begi.

Kwetu mwanamke anayeolewa huletewa begi na upande wa bwana harusi. Ndani yake kuna kila kitu cha kumvalisha na kumrembesha, na halifunguliwi chumbani. Hufunguliwa uani, mbele ya wanawake wote, kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu, na kila kinachoinuliwa kinapigiwa vigelegele. Kwa begi ndipo watu wanapojua mwanaume anamthamini vipi mke wake.

Alasiri hiyo ua wa Mama Rehana ulijaa. Ngoma ikasikika inakuja kutoka barabara ya chini, wanawake wa upande wa Zuberi wanaimba, mbele yao Shangazi Mwanaisha, dada wa baba yake Zuberi, aliyemlea tangu mama yake afariki, akiwa na miaka tisa. Bi harusi hakutakiwa kutoka, lakini Rehana akachungulia kwenye pazia. Akaliona begi. Jekundu, kubwa, la magurudumu, limebebwa kichwani.

Kisha akaiona sura iliyo chini ya begi.

"Somo! Somo, njoo uone! Ni yeye!"

"Nani?"

"Irene! Irene ndiye kabeba begi langu!"

Bi Tatu akatazama, akasonya. Kabla hajamzuia, Rehana alishatoka nje, na ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Huyu kafuata nini nyumbani kwetu?"

Shangazi Mwanaisha akapigwa na butwaa. "Bi harusi, mbona umetoka? Huyu mgeni wetu. Zuberi alimpa kazi ya kununua vitu vya begi huko Dar, akasema anajua mambo ya kisasa. Kaja navyo jana. Nikaona aliyehangaika kununua ndiye apewe heshima ya kubeba."

"Heshima! Anibebee begi mwanamke aliyemlalia mume wangu begani?"

"Uuuwi!" wakaguna wanawake.

"Dada," Irene akasema kwa sauti ndogo, begi bado kichwani, "niliambiwa unajua ile vidio ni kazi tu."

"Nijue nini? Ndogo na kubwa? Mnaulizana ndogo na kubwa mimi nikiwa nawapikia mchuzi!"

Mama Rehana akamshika mwanawe mkono. "Rehana, mwanangu, wageni. Ndoa ni keshokutwa. Nakuomba. Kaa."

Rehana akamtazama mama yake usoni. Akakaa.

Begi likafunguliwa. Kungwi wa upande ule akaanza kuinua. Doti za khanga, vigelegele. Vitenge, vigelegele. Viatu vya kisigino, marashi, udi, nguo za ndani nyekundu, hapo wanawake wakapiga na makofi, bibi mmoja akasema hizo hata mzee wake angefufuka. Mama Rehana akaanza kutabasamu. Hata Rehana moyo ulianza kushuka. Kumbe Kariakoo ilikuwa safari ya begi. Kumbe siri yao ilikuwa begi langu, akajisemea, nami nimemkosea mtu.

Kungwi akafika chini kabisa. Akatoa chupa. Kubwa, ya urefu wa mkono, kifuniko cha dhahabu. Ikafuata ya pili. Ikafuata sabuni, na kijitabu chenye picha ya mwanamke nusu mweusi nusu mweupe.

"Na hii," akasoma kwa mbwembwe, "losheni ya kung'arisha! Siku kumi na nne, rangi mpya! Bwana harusi anataka bi harusi ang'ae!"

Vigelegele viwili vitatu vikaanza, vikafia njiani. Wanawake wakatazamana. Rehana akaitazama ile chupa. Kubwa. Wala haikuwa pete, wala nyumba.

"Wewe ndiye umeniletea hii," akamwambia Irene taratibu. "Umeona haitoshi kunichukulia nafasi kwenye vidio, ukaniletea na matusi kwenye begi, mbele ya mama yangu."

"Sikununua kwa akili yangu, dada."

"Kwa akili ya nani?"

Irene akasitasita. Kisha akatoa simu kwenye mkoba. "Nilimkatalia mara mbili. Sikiliza mwenyewe. Na Mungu anisamehe, maana ile chupa niliinunua."

Sauti ya Zuberi ikatoka kwenye simu, ile ile inayojaa vibandani na kwenye bodaboda zote za mji:

*"Irene, acha kunihubiria. Chukua ile kubwa, ile unayotumia wewe. Nataka akishaolewa aanze, mpaka vidio ya pili iwe imeshika. Picha za harusi nitaziweka chache, za mbali. Mimi sasa ni jina, siwezi kusimama na mtu mashabiki wakaanza kucheka. Nampenda, ila ile rangi inaniangusha."*

Mwanamke mmoja akafunga mdomo kwa khanga.

Irene akavuta mikono ya gauni lake refu, lililomziba mpaka viganjani kwenye joto lile la Mtwara. Akanyoosha vidole mbele ya Rehana. Uso ulikuwa chungwa, lakini viungo vya vidole vilikuwa vyeusi kama vya Rehana, na juu ya kiwiko ngozi ilikuwa imetoka michirizi kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Mimi nilikuwa rangi yako," akasema. "Wa kwanza aliniambia kamera hainishiki. Nikapaka. Sasa kamera inanishika, jua ndilo haliniachi. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji, daktari alihangaika kunishona, nyuzi zinakata ngozi. Kila siku naona unavyofungua ukurasa wangu, dada, jina lako huwa linatokea kwenye stori zangu. Nilikuwa najiuliza, huyu ananitamania nini?"

Rehana alizikumbuka zile picha zote alizozivuta kwa vidole viwili, akaziona upya moja moja. Miwani. Kivuli cha mwamvuli. Mikono mirefu. Wivu wa wiki mbili ukamtoka kwa mpigo mmoja, na ulipotoka ukaacha shimo, na ndani ya shimo akamkuta Zuberi.

Akachukua simu, akapiga.

"Zuberi, njoo nyumbani."

"Sasa hivi? Kwani begi halijapendeza?"

"Limependeza mno. Njoo."

Akaja kwa bodaboda, miwani usoni, ananukia. Alipoona chupa zimepangwa kwenye mkeka na simu ya Irene katikati, akaivua miwani.

"Irene, umefanya nini?"

"Usimuulize yeye," Rehana akasema. "Niulize mimi."

"Bebi, tuongee ndani. Haya si mambo ya uani."

"Mbona mstari wako uko kwenye kila simu ya mji huu? Mimi umenitia uani siku nyingi."

"Ile ni sanaa! Mnashindwa kuelewa. Hip hop ni kusema ukweli wa mtaa..."

"Ukweli wa mtaa upi? Nakumbuka wimbo wako wa kwanza, hukuwa hata na pesa ya studio. Ulimwimba mama yako. Ulisema alibangua korosho mpaka viganja vikaungua na mafuta, ili wewe ule. Watu walilia, Zuberi. Mimi nilikupenda siku ile, kwa wimbo ule. Nikasema huyu anajua mwanamke ni nini. Sasa nani kakufundisha huu mwingine?"

Zuberi akatazama chini. "Mashabiki wanataka..."

"Subiri," ikasikika sauti nyuma. Shangazi Mwanaisha alikuwa amesimama. Mweusi, mrefu, jasho likimng'aa kwenye paji. "Mimi sijui hip hop. Nataka kuuliza jambo dogo tu, mwanangu."

"Shangazi, naomba..."

"Marehemu mama yako alikuwa mweusi kuliko huyu binti. Alikuwa mweusi kuliko mimi. Ulipokuwa mchanga ukilia gizani, ulingoja kwanza acheke ndio ulione ziwa?"

Ua wote ukasimama. Machozi yakamshuka Zuberi, na Rehana, aliyemjua, akaona ni ya kweli.

"Nimekosea," akasema hatimaye. "Rehana, nimekosea. Nitaufuta wimbo. Leo hii, sasa hivi, mbele yako. Hizi chupa nitazivunja. Ijumaa tufunge ndoa, nikuweke kwenye ukurasa wangu, picha kubwa. Ninakupenda. Hilo sikudanganya."

Rehana hakulia. Aliufungua mtandio wake, akauweka mabegani. Shingo ikaonekana, nyekundu, imechubuka, na Mama Rehana, aliyekuwa hajui, akatoa ukelele mdogo kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Tazama," Rehana akamwambia Zuberi. "Hii nilianza mwenyewe kabla begi halijafika. Ulikuwa hujaniagiza, nilikukisia tu. Ndivyo nilivyokupenda. Nikifunga ndoa na wewe Ijumaa, hii itapanda usoni. Hutanilazimisha, nitapaka mwenyewe kila utakapomtazama mwanamke. Nami sitaki kuwa na wivu mpaka na ngozi yangu."

"Nipe nafasi."

"Ufute wimbo kwa sababu ya marehemu mama yako. Kwa sababu yangu usifute, mimi Ijumaa siolewi."

"Rehana!" akaguna shangazi mmoja wa upande wa Rehana. "Na kadi? Na watu?"

Rehana akamgeukia mama yake. Hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza siku ile. Alijua anachomnyang'anya. Miaka kumi na sita mama yule aliiomba Ijumaa moja tu.

"Mama, nisamehe. Najua watakucheka."

Mama Rehana alikuwa bado anaitazama ile shingo. Akapiga magoti kwenye mkeka. Akakunja doti za khanga, moja moja, vizuri, kama za kwake. Akaweka vitenge, akaweka marashi, akaweka viatu. Chupa akazitia mwisho, akazisukumia chini kabisa, akafunga zipu.

"Dada yangu Mwanaisha," akasema, "wewe umekuja kwa heshima, na heshima yako iko palepale, utakula chakula hapa. Lakini hili begi silali nalo."

"Nitwishe mimi, mkwe mwenzangu. Aibu ni ya upande wetu."

"Hapana. Mtoto ni wangu."

Irene akasogea mbio kumsaidia. Wakaliinua pamoja, Irene upande mmoja, Bi Tatu upande mwingine, likakaa kichwani kwa Mama Rehana. Begi huja kwa ngoma, wimbo wa kulirudisha haujatungwa, kwa hiyo wanawake wakasimama kimya wakajipanga nyuma yake. Rehana akajipanga nao, shingo wazi. Zuberi alikuwa bado amesimama katikati ya mlango wa ua, mikono imening'inia.

"Mama," akasema kwa kilio, "mama mkwe, nakuomba. Watu watasema nini?"

Mama Rehana, ambaye swali hilo ndilo lililomnyima usingizi maisha yake yote, akamtazama kutoka chini ya begi.

"Sogea, mwanangu. Nina mzigo kichwani, na barabara yote inaningoja."